Samaki Niliyempa Ngabo

Nakivale, Isingiro
Juni 2024

Kaka yangu Mutware,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, nami naomba barua hii ikukute umeketi mlangoni pako, mguu ukiwa umepunguza maumivu. Déo wa vitenge alituambia kwamba sasa unatembea kwa fimbo mbili, na kwamba asubuhi za baridi hutoki nje mpaka jua liwe limepanda. Je, mafuta ya kuchua tuliyokupelekea yalifika? Je, shemeji yangu hajambo, na kifua chake kimetulia? Tujulishe kila jambo, hata lile unaloliona dogo, maana habari zako tunazirudia hapa siku nyingi baada ya kuzisikia.

Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Macho yangu yalitibiwa Ruharo, mjini Mbarara, na barua hii naiandika mwenyewe bila kumwomba mtu anisaidie. Mke wangu Mukamana ana nguvu, ingawa magoti yanamsumbua anapopalilia. Mvua zilikuja kwa fujo, zikalaza mahindi, kisha zikakatika kabla maharagwe hayajajaza maganda. Shamba tulilopewa limechoka, na hakuna pengine pa kulima. Chakula cha msaada kimepunguzwa tena. Sikuandikii hayo ili nikulalamikie. Umeuliza mara nyingi tunaishije, nami ni lazima nijibu swali lililoulizwa.

Déo, anayekuletea barua hii, alitaka nikupigie kupitia simu yake siku atakapofika kwako. Nilikataa. Kwa simu ungeniuliza swali kabla sijamaliza, nami nisingeweza kukukatiza. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu yeyote.

Ujumbe wako tuliupata kwa kinywa chake, siku aliyorudi kutoka huko na mizigo yake ya vitenge. Aliketi, akanywa maji, akavua kofia kabla ya kusema, nasi tukajua kwamba halikuwa jambo jepesi. Alisema kwamba Irakiza, mwanao wa mwisho, ameuawa bondeni pamoja na ng'ombe aliokuwa akiwachunga, katika njia ile ile alimouawa kaka yake. Kisha akatoa maneno yako kama ulivyomtuma, bila kuongeza: "Fasi ya Irakiza iko wazi. Ngabo akuye." Alieleza kwamba unataka mwanangu aje kabla kiangazi hakijaisha, apokee fimbo ya baba na chombo chake cha maziwa, akae na ng'ombe waliobaki.

Juu ya Irakiza nimeshindwa kuandika, kaka. Nimeanza sentensi hiyo mara nyingi na kuifuta. Alikuwa na desturi ya kuimba akiwa mbele ya ng'ombe, wala si nyuma yao kama wachungaji wengine, na mimi nilimkaripia kwa hilo alipokuwa mdogo. Sasa natamani nisingalimkaripia.

Ulichokiomba ni haki yako. Baba alituachia sisi wawili ng'ombe wale. Mimi nilikimbia na wewe ukabaki, na kila ndama aliyezaliwa tangu wakati huo amelindwa kwa miguu yako na kwa damu ya watoto wako. Huna mtoto wa kiume aliyesalia. Katika ukoo wetu amebaki Ngabo peke yake. Naandika hivyo ili ujue kwamba sikukupinga moyoni hata kidogo siku ile.

Na Ngabo? Aliposikia maneno yako alisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina katika umati. Kijana huyu alimaliza sekondari hapa. Tulifanya mahojiano ya kupelekwa nchi za mbali, na tangu hapo hatujaambiwa ndiyo wala hapana. Aliomba kazi ya ulinzi mjini Mbarara, akaambiwa kwamba karatasi zake za ukimbizi hazitoshi. Alichunga ng'ombe wa mtu huko Masha mpaka mwenyewe akawauza. Baada ya hapo alikuwa akikaa nyuma ya nyumba kutwa, akitazama barabara ambayo haimpeleki popote. Nilimzoea hivyo, kama mtu anavyouzoea mlango usiofunguka. Siku ile alimwuliza Déo habari za ng'ombe mmoja mmoja. Aliuliza kama Bihogo yu hai bado, na kama Gaju alizaa dume au jike. Kabla jua halijatua alikuwa ameketi na sindano, anashona mkanda wa begi lake, na mama yake alimtazama kisha akaingia ndani.

Mimi nilikuwa katikati yenu. Kukuambia hapana siwezi. Sijakuambia neno hilo tangu nizaliwe, na ulimi wangu haujui kulitamka mbele yako. Kumkataza Ngabo siwezi, kwa sababu kwetu mtoto aliyeitwa na baba yake mkubwa hazuiwi na baba yake mzazi. Kumwacha aende siwezi vilevile, kwa sababu njia utakayompitisha ni ile ile ya wanao wawili, na wanaowavizia wachungaji hawajahama. Niliomba na kufunga. Mchungaji wetu wa kanisa alinishauri niseme nawe kwa upole. Nilimwuliza kama yeye ana kaka mkubwa, akasema kwamba hana.

Sasa nikueleze habari za mto, kwa maana jibu langu limo humo.

Mto Rwizi unapita Mbarara, chini ya Ruharo na Ruti, kisha unashuka upande wetu na kupotea katika mafunjo kabla ya kufika ziwani. Katika pande za Masha kuna kijiji kilicho ukingoni mwake. Mvua zinapokwisha na maji yakirudi nyuma, samaki hubaki katika kona pana ya mto, na kijiji kizima hutoka kuvuta juya, yaani wavu mrefu wa kukokotwa. Juya lenyewe ni la mzee aitwaye Hakim, ambaye alikuwa askari katika kambi ya jeshi ya Mbarara mpaka alipostaafu. Kiswahili chake ni cha jeshi. Hakina salamu ndefu, na viungo vingine vya maneno alivisahau gwarideni, lakini hakimwachi msikilizaji na shaka. Huja katika soko letu na kambale waliokaushwa, naye hununua maharagwe ya Mukamana. Tulialikwa, mimi na Ngabo, twende kuvuta pamoja nao. Kila anayevuta hupata fungu.

Najua ulivyolipokea neno hilo, samaki. Sihitaji kukukumbusha sheria ya nyumba yetu, lakini naiandika ili ijulikane kwamba sikuisahau. Mtu wetu aliyekula samaki haingii zizini, hashiki fimbo ya baba, wala hanywi kutoka chombo chake. Wengi hapa wameiacha sheria hiyo. Watoto wa jirani zetu wanakula dagaa na wanakua vizuri. Mchungaji hufundisha kwamba vyakula vyote ni safi, nawe ulipoambiwa hivyo ulijibu kwamba mchungaji hakamui ng'ombe wako. Nakumbuka na yule fundi wa paa aliyetoka Baraka ziwani, akapika dagaa karibu na zizi. Ulikizika chungu chake, ukamlipa ujira wake wote, ukamwonyesha njia, na paa likiwa nusu. Mvua ya mwaka ule ilitunyeshea ndani, na shemeji alisema mengi, lakini wewe hukujuta.

Katika nyumba yangu hapa tuliishika sheria. Hata tulipokula uji usio na kitu, Mukamana hakuruhusu dagaa kuvuka kizingiti. Ana kibuyu cha maziwa alichokibeba kutoka nyumbani. Hatuna ng'ombe wa kukijaza, lakini hukisafisha na kukifukiza moshi kama zamani, kisha hukirudisha mahali pake kikiwa kitupu.

Kwa hiyo Ngabo alikubali kuvuta tu. Fungu letu lingechukuliwa papo hapo na wachuuzi wa Mbarara. Alisema kwamba anataka kuchosha mwili kabla ya safari.

Tulifika asubuhi, jua likiwa bado laini. Juya lilikuwa limetandikwa majanini, refu kuliko ua wa kanisa, limefumwa kwa mkono na kushonwa upya mahali pengi. Upande wa juu lina vipande vya mti mwepesi vinavyoelea, na upande wa chini lina mawe. Vijana wawili walilipeleka kwa mtumbwi, wakazunguka nalo ile kona, wakaturudishia kamba zake mbili ukingoni. Watu walijipanga, mstari mmoja kwa kila kamba, wanaume na wanawake pamoja. Wanavuta wakirudi nyuma, na aliye wa mwisho huacha kamba, hukimbia mbele karibu na maji na kuishika tena. Hakuna anayeamuru. Wanawake huimba, na wimbo ukipungua kasi kila mtu hupunguza.

Mimi kwa uzee wangu niliwekwa mwisho kabisa, nikunje kamba inayotoka majini. Ngabo alikuwa mbele, maji yakimfika magotini. Basi nilifanya jambo ambalo mtu wa mto hawezi kulifanya na mtu wa ng'ombe hawezi kuliacha. Unajua jinsi tunavyomshika dume mkaidi: kamba unaizungusha kiunoni, unakaza visigino, unamlalia kwa uzito wako wote mpaka achoke. Kamba ya juya nikaizungusha hivyo hivyo, nikaufurahia ustadi wangu.

Wavu ulikwama katika kisiki chini ya maji. Wenzangu waliongeza nguvu, nami nikalala nyuma. Kisha kisiki kikaachia ghafla, na maji ya katikati yakaubeba ule wavu uliojaa kama tumbo. Watu wote waliilegeza mikono, kamba ikawapita viganjani, maana ndivyo wanavyofundishwa tangu utoto. Mimi haikunipita. Iliniangusha kifudifudi, ikanikokota juu ya matope kati ya miguu ya watu, ikaniingiza katika mafunjo. Nilimeza maji. Kamba ilinibana mbavu hata nikashindwa kuita, na nilipojaribu kuifungua ilizidi kukaza, kwa sababu fundo letu limetengenezwa lisifunguke likivutwa. Nakuambia kweli kwamba wakati ule sikufikiri habari za mbinguni. Nilifikiri kwamba hivi ndivyo nilivyokaa mwezi mzima.

Ngabo aliacha mstari wake na kujitupa juu yangu. Alishika kamba mbele yangu kwa mikono yote, akachimba miguu matopeni, akapata nafasi ndogo kati ya kamba na tumbo langu, nami nikapumua. Hakim akaja na kisu, maji yakimfika shingoni, akaikata. Alinitazama nilivyokaa pale nikitapika matope, akasema, "Mzee, hii hapana ng'ombe. Ng'ombe nachoka. Maji hapana choka."

Samaki wengi walitoroka upande ule uliolegea, na nilitarajia matusi. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bibi mmoja alisema kwamba katika maisha yake yote amevua kambale wa kila namna, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuvua mwenye koti. Mwingine akamwuliza Hakim kama mimi naenda sokoni au nabaki kijijini kwa mbegu. Ngabo alikuwa bado amenishika mkono, matope yamemjaa mdomoni, naye alikuwa anacheka. Kaka, tangu amalize shule sikuwa nimemsikia akicheka kwa sauti. Alinifuta uso kwa shati lake. Alinivuta mpaka mahali pakavu, akaniuliza kama mbavu zinauma, akaenda kuvuta tena ile kamba iliyoungwa, kwa nafasi yangu na yake.

Mvuto ulipoisha na wavu kufika majanini, walikuwemo ngege na kambale wa kutosha kila mtu. Desturi ya pale ni kwamba samaki wa kwanza hawaendi sokoni. Mwanamke aitwaye Babra huwapika ukingoni kwa maji na chumvi, na kila aliyeshika kamba hupewa kipande kabla ya kuchukua fungu lake, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba chakula cha mto kile ni kibaya. Hakim mwenyewe aligawa, juu ya jani la mgomba. Zamu yetu ilipofika nilipokea nikala. Kisha nikapokea kipande cha pili, nikamgeukia Ngabo, nikampa kwa mikono miwili. Wewe unajua kwamba kwetu mtoto hakirudishi kitu alichopewa na baba yake kwa mikono miwili. Alinitazama, akapokea, akala.

Hapa ningeweza kuweka nukta. Ungesoma kwamba tulikuwa wageni, kwamba njaa ipo, kwamba tulinaswa na desturi ya watu wengine. Ungetulaumu kidogo na kutuhurumia, na Ngabo asingekuja, na mimi nisingekuwa nimekuambia hapana. Nilikusudia kuiandika barua hivyo, na mpaka hapa hakuna sentensi yenye uongo. Lakini yamo mambo niliyoyaruka, nawe ni mkubwa wangu.

Nimeandika kwamba tulialikwa. Mwaliko huo niliuomba mimi. Nilimfuata Hakim sokoni baada ya Déo kuleta ujumbe wako, nikamwuliza juu ya chungu cha Babra, ambacho nilikuwa nimesikia habari zake. Alinieleza kwamba wafugaji wanaokuja kuvuta hawalazimishwi kula. Wanagusa ukingo wa chungu kwa vidole, na hiyo inatosha, hakuna anayewacheka. Nilimwomba asimwambie mwanangu jambo hilo. Aligeuzageuza kambale wake, kisha akaniuliza, "Mzee, wewe nataka funga kijana?" Nilimjibu kwamba ndiyo. Akasema kwamba yeye alizika vijana wengi alipokuwa jeshini, na kwamba nije na mwanangu siku ya mvuto.

Wala siri hiyo haikufaa kitu. Mbele yetu katika mstari wa chungu alikuwapo mchungaji wa ng'ombe kutoka Masha. Aligusa ukingo, Hakim akaitikia kwa kichwa, mtu yule akaenda zake na fungu lake. Ngabo aliona. Alikuwa amekwisha kunyoosha vidole vyake kuelekea chungu nilipomwita. Aligeuka kwa sababu nilimwita kwa jina lake lote, lile la ubatizo na la ukoo, ambalo halisemwi ovyo, na alipogeuka alikuta kipande kiko mikononi mwangu. Mikono iliyopokea ni ile iliyonitoa majini, matope yangali kwenye kucha. Nilitafuna mbele yake ili asiseme kwamba nimemtuma mahali ambapo mimi sikufika. Hicho ndicho nilichokifanya, nami nilikifanya nikijua.

Njiani kurudi alitangulia, na mimi nilimfuata polepole kwa sababu ya mbavu. Karibu na kambi yetu alinisubiri. Hakupaza sauti.

"Baba, ulijua," alisema.

Nilimwambia kwamba nilijua.

"Basi umenifunga hapa."

Nilimwambia kwamba ndiyo. Nilitaka kuongeza kwamba ninamfunga ili nimwone akizeeka, lakini maneno hayo yalionekana madogo mbele ya uso wake, nikayaacha. Tangu siku hiyo ananisalimu asubuhi kama inavyompasa, ananiletea maji ya kunawa, hanipungukii katika lolote. Hata hivyo hanitazami. Amekuwa akienda kwa Hakim na kurudi na samaki, anawachoma mwenyewe nje, anakula mbele yangu mpaka mfupa wa mwisho, kisha ananawa. Mukamana hakunilaumu. Alikichukua kile kibuyu chake, akakipeleka kwa mwanamke jirani ambaye nyumba yake bado ni safi, akarudi mikono mitupu, akaendelea kuchambua maharagwe. Aliniambia tu kwamba angependa ningemshirikisha, maana naye ni mzazi, na pengine angemshikia Ngabo kipande yeye.

Mimi mwenyewe sitakunywa tena kutoka chombo cha baba. Nilikuwa nikifikiri kwamba siku moja nitarudi, utakijaza, utakunywa kwanza na kunipa, kama alivyotupa yeye. Nilijua nilichokimeza pamoja na samaki yule.

Sasa nafika kwenye ombi langu.

Ngabo amempa Déo maneno yake kwako, atakayoyatoa kwa kinywa baada ya wewe kuisoma barua hii. Sikuambiwa ni maneno gani, lakini nimemlea na ninayajua. Atakuomba umtakase. Atakuambia kwamba kile kipande cha kwanza hakukila kwa kupenda, kwamba alipewa na baba yake kwa mikono miwili, na hilo ni kweli. Sheria yetu ina mlango, na ufunguo anao mkuu wa nyumba peke yake: maziwa ya ng'ombe aliyezaa mara ya kwanza, na majani, na kunyunyiziwa mbele ya zizi, na mtu anakuwa kama ambaye hakula. Baba amelala. Mimi nimejitia unajisi. Aliyebaki wa kumnyunyizia ni wewe.

Najua ninakuacha peke yako na mifugo yote, na mguu mbaya, na bonde lile mbele ya mlango wako. Ningekuambia uje huku, lakini hapa hapana nafasi ya kutosha hata mbuzi, na wewe si mtu wa kukaa nyuma ya nyumba ukitazama barabara. Ukiamua kuwauza ng'ombe, uza, na nusu yangu iwe yako yote. Ukiamua kufa nao, sina ulimi wa kukuzuia. Sikuambii hapana. Nakuomba wewe ndiwe uiseme, umwambie Ngabo kwamba humtakasi, kwa sauti ile uliyonayo ambayo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuijibu. Mimi akinichukia bado nitamwona kila siku.

Msalimie sana shemeji yangu, na umwambie kwamba Mukamana anamkumbuka katika maombi ya wanawake kila Alhamisi. Mpe pole binti yako Umuhire kwa kifo cha kaka yake. Mwambie kwamba barua yake nitaiandika peke yake, kwa kuwa inahitaji maneno mengine. Wasalimie waumini waliobaki na kila anayeniulizia. Mungu akulinde katika kulala na katika kuamka, na akupunguzie baridi.

Jibu lako mpe Déo kwa mdomo, alitoe hapa kwetu Ngabo akiwa ameketi nami nikiwapo. Naomba liwe gumu.

Mimi ni mdogo wako akupendaye,

Yonatani